Boksi la sertralini liko mezani siku ya nne, sijalifungua

Mshauri, salaam.

Nina miaka 34. Wiki iliyopita daktari aliniambia nina sonona iliyochanganyika na wasiwasi, akaniandikia sertralini miligramu 50, kidonge kimoja kwa siku, nirudi baada ya wiki nne. Maelezo yake hayakufika dakika tano. Nilitoka na boksi la vidonge 28, na leo ni siku ya nne liko mezani, sijalifungua ila kutoa karatasi iliyomo.

Kosa langu ndiyo hiyo karatasi. Nimeisoma mara tatu. Kichefuchefu, kutetemeka, kukosa usingizi, kutokwa damu, mawazo ya kujiua. Mimi tayari silali: naamka saa nane usiku nakodolea dari macho mpaka kunakucha. Nimepungua kilo 6 bila kukusudia. Kazini nasoma barua moja mara nne sijui imesema nini. Sasa nimeze kitu cha kuniongezea?

Dada yangu anasema hizo ni dawa za vichaa na ukianza huachi, utakuwa teja. Mume wangu hasemi neno, lakini namwona anahofia nitageuka mtu mwingine. Mimi mwenyewe nahofia unene na, niseme tu, chumbani kusije kukafa kabisa.

Dawa nyingine situmii, labda ibuprofeni siku za hedhi, na tramadoli za mgongo zilizobaki mwaka jana. Hizo nameza moja usiku maumivu yakizidi, siyo kila siku.

Nianze au nisianze? Na nikianza, siku ya kwanza nafanya nini hasa?

Ni mimi,
Boksi Limefungwa

*

Dada,

Leo usianze. Sababu si karatasi wala maneno ya dada yako. Ni tramadoli, ile uliyoitaja mwishoni kana kwamba haihesabiki. Wengi hawaiiti dawa kwa kuwa wanaimeza mara moja moja, na daktari akiuliza "unatumia dawa gani nyingine?" wanajibu "hakuna".

Sertralini huzuia chembe za neva zisiirudishe ndani serotonini (kemikali ya kupelekeana ujumbe) zilizokwisha kuitoa, kwa hiyo inabaki nyingi zaidi katikati ya chembe na chembe. Tramadoli ni dawa ya maumivu ya ukoo wa afyuni, lakini kwa pembeni nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Zikikutana, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi: mwili unatetemeka, misuli inakakamaa au kurukaruka yenyewe, jasho, homa, kuharisha, moyo kwenda mbio, akili kuvurugika. Huwapata wachache, ila ikija huja ndani ya saa chache, na ni ya kukimbizwa hospitali. Juu ya hapo tramadoli yenyewe inaweza kuleta degedege, na ikichanganywa na dawa za kundi la sertralini hatari hiyo huongezeka. Halafu iko hasara ambayo haitajwi sana: tramadoli hutegemea kimeng'enya cha ini kuigeuza iwe na nguvu, na sertralini, hasa kwa dozi kubwa, hukipunguza kasi kimeng'enya hicho. Unabeba hatari zaidi na mgongo unapata nafuu kidogo.

Kama "siyo kila siku" yako kwa kweli ni usiku nne au tano kwa wiki, usiiache ghafla ukidhani unajisaidia. Mwili uliozoea tramadoli ukinyimwa kwa mara moja hupata arosto ya kweli. Mwambie daktari idadi halisi, akupangie namna ya kushuka.

Ibuprofeni ni habari nyingine. Chembe sahani za damu huhitaji serotonini ili damu igande vizuri, na sertralini huzipunguzia akiba hiyo. Ibuprofeni nayo hukwaruza tumbo, hivyo zikienda pamoja uwezekano wa kuvuja damu tumboni unapanda. Diklofenaki na aspirini ni vivyo hivyo. Kwa mtu wa miaka 34 asiye na vidonda vya tumbo, siku mbili za hedhi kwa kawaida hazimfanyi daktari azuie sertralini, ila lazima ajue. Parasetamoli iwe ya kwanza: vidonge viwili vya miligramu 500, saa 4 au zaidi kabla ya kurudia, visizidi 8 kwa saa 24, mradi ini ni zima na uzito wako haujashuka chini ya kilo 50. Baada ya kupungua kilo 6, panda kwenye mizani kabla ya kujijibu.

Basi kesho asubuhi piga simu au tuma ujumbe ulikoandikiwa dawa. Ukishindwa kumpata daktari, mfamasia aliyekupa boksi anaweza kukujibu kuhusu mchanganyiko wa dawa, na mara nyingi ana muda zaidi. Ujumbe uwe mfupi na wa namba:

"Daktari, uliniandikia sertralini 50 mg. Sijaanza. Nyumbani nina tramadoli, ya mwisho nilimeza tarehe fulani, kwa wiki nameza kadhaa. Hedhi natumia ibuprofeni siku mbili. Mgongo ukiuma nitumie nini? Wasiwasi wangu ni mkubwa. Naweza kuanza na nusu kidonge kwa wiki moja? Nimepungua kilo 6: tezi ya shingoni na wingi wa damu vilipimwa?"

Ongeza mstari mmoja ambao hukuutaja kwenye barua, na inawezekana hukuulizwa. Umewahi kupitia siku nne, tano au zaidi ambazo ulilala saa tatu tu na hukuchoka, ukaongea mbio, ukatumia fedha ovyo au ukaanzisha mambo kumi kwa mkupuo mpaka watu wakashangaa? Au yuko ndugu wa damu mwenye baipola? Kama ndiyo, dawa ya sonona peke yake inaweza kukurusha kutoka chini hadi juu kupita kiasi, na mpango mzima wa tiba hubadilika. Kama una mimba au unaitafuta, taja pia. Kadhalika dawa za mitishamba: mmea uitwao St John's wort haufai kabisa pamoja na sertralini, na unga wowote usio na lebo haujulikani una nini ndani. Dawa za kikohozi zenye dekstromethofani ziulizie kwanza.

Ukipata ruhusa, anza. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu ulichoandika si huzuni ya kupita. Kuamka saa nane usiku, kupungua kilo 6, kusoma barua mara nne: mwili na akili vyote vimeguswa. Mazungumzo ya tiba na mtaalamu husaidia pia, na kwa sonona nzito viwili pamoja huwa bora kuliko kimoja. Ukiweza kupata vyote, usichague.

Siku ya kwanza, chagua asubuhi ambayo kesho yake huna jambo kubwa. Kula kwanza, hata kidogo, kisha meza kidonge na glasi nzima ya maji. Asubuhi ni bora kwako kwa kuwa hulali. Ikikuletea usingizi mchana, unahamia jioni. Wasiwasi ukiwa mkubwa, madaktari wengi hukubali kuanza na miligramu 25 kwa siku 7 kabla ya kupanda 50. Mtu mwenye hofu ya ghafla huanzishwa hivyo kwa kawaida. Vidonge vingi vya 50 vina mstari wa kukatia. Kata kavu, meza nusu haraka. Ukikiacha kiyeyuke mdomoni ni kichungu na hutia ulimi ganzi, na watu huchukulia hiyo ganzi kuwa ndiyo madhara yenyewe yameanza.

Sasa kinachowaangusha wengi. Dawa hizi hutoza kwanza, hulipa baadaye. Kuzuia serotonini isirudi huanza saa chache baada ya kidonge cha kwanza, lakini hali ya moyo haifuati hapo hapo. Ubongo huhitaji wiki kadhaa kujipanga upya. (Ndiyo maana ule usemi wa "umepungukiwa serotonini, tunakujazia" haunipendezi. Ungekuwa kweli kwa wepesi huo, ungepona kwa alasiri moja.) Ila utumbo hausubiri. Kama asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko huko, kwa hiyo tumbo ndilo la kwanza kulalamika.

Siku 3 hadi 10 za mwanzo tarajia kichefuchefu, choo laini (sertralini ina sifa hiyo kuliko wenzake wengi), kichwa kuuma, kinywa kukauka, miayo, jasho la usiku, na wasiwasi kupanda kidogo badala ya kushuka. Hapo ndipo boksi hutupwa. Mtu anasema "imenizidishia", anaacha siku ya sita, na kila atakayemuuliza atamwambia dawa hizo hazifanyi kazi. Kwa wengi kelele hiyo hupungua kati ya wiki ya pili na ya tatu. Kula kidogo kidogo, kunywa maji kama tumbo linaharisha, kahawa iishe kabla ya saa sita mchana, pombe iache kabisa wiki hizi, na usiendeshe gari mpaka ujue inakufanyaje.

Nafuu yenyewe huanza kuchungulia wiki ya pili hadi ya nne, na huja kwa mafungu. Mara nyingi usingizi na nguvu hutangulia, furaha huja nyuma. Mume wako anaweza kuiona kabla yako: umemaliza sahani, umejibu simu. Wiki ya nne ikifika na hakuna hata dalili moja iliyosogea, usiongeze kidonge mwenyewe. Mwambie daktari, dozi ina nafasi ya kupanda hadi miligramu 200. Hukumu kamili hutolewa wiki ya 6 hadi ya 8. Na usiweke matumaini yote kwenye dawa ya kwanza. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, matokeo ya 2006, kama theluthi moja ya wagonjwa walipona kabisa kwa dawa ya kwanza waliyopewa, ambayo ni ndugu wa sertralini. Waliobaki waliweza kusogea kwenye hatua nyingine. Kubadilishiwa dawa ni jambo la kawaida katika tiba hii.

Weka daftari dogo karibu na boksi. Kila usiku mstari mmoja, namba 0 hadi 3, usiandike insha: "Siku 5. Usingizi saa 4. Tumbo 2. Kutotulia 1. Mawazo mabaya 0." Mtu mwenye sonona akiulizwa "wiki iliyopita ilikuwaje?" hujibu "mbaya" hata kama tatu kati ya siku saba zilikuwa nyepesi. Daftari halisahau. Wiki ya nne omba mpimwe tena kwa maswali tisa ya PHQ-9, fomu ya kupima uzito wa sonona. Jumla yake ni 27, na alama zikishuka kufika nusu ya ulizoanza nazo, dawa inafanya kazi hata kama hujajisikia umepona.

Ile karatasi sasa. Maneno yake yana vipimo. "Kawaida sana" ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10. "Kawaida" ni kati ya mtu 1 na 10 katika watu 100. "Nadra" ni chini ya mtu 1 katika 1,000, na "nadra sana" ni chini ya 1 katika 10,000. Ukiyasoma yote kwa sauti moja, kichefuchefu na jambo linalompata mtu mmoja katika elfu kumi vinaonekana sawa. Chukua kalamu, piga mstari chini ya yale ya kundi la kwanza tu. Hayo ndiyo ya kujiandalia.

Onyo la mawazo ya kujiua nalo lina historia. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza mwaka 2004 liandikwe kwa watoto na vijana wadogo, ikalipanua mwaka 2007 hadi miaka 24. Kwa waliozidi umri huo majaribio hayakuonyesha hatari kuongezeka. Una miaka 34, kwa hiyo umri uko upande wako, ila hilo halikuondoi kwenye uangalizi, kwa sababu sonona yenyewe ina mawazo hayo, na wiki ambazo nguvu zimerudi kabla ya matumaini zinahitaji macho ya mtu wa pili. Hapo mume wako ana kazi. Badala ya kukaa na hofu kimya, mpe mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza, kutotulia kusiko kwa kawaida: huwezi kukaa, miguu inataka kwenda, unahisi kama unataka kutoka ndani ya ngozi yako. Hiyo inaitwa akathizia, na huyo daktari apigiwe siku hiyo hiyo. La pili, mawazo ya kufa yaliyoanza au yaliyoongezeka, au umeanza kuaga aga watu na kugawa vitu: hospitali usiku huo huo, na mtu akae nawe njia nzima. La tatu, furaha ya kupitiliza na kutolala bila kuchoka: kidonge cha kesho kisimezwe kabla ya kuongea na daktari. Dalili za kuchanganya dawa nilizoeleza juu, choo cheusi kama lami, au uso na midomo kuvimba ni dharura pia.

Dada yako ana nusu ya ukweli. Teja huitamani dawa, huongeza kipimo, huiba fedha aipate. Hakuna anayetamani sertralini, na dozi iliyokutosha leo haidai kuongezwa ili ufanye kazi ile ile. Lakini mwili huizoea, na ukikata ghafla baada ya wiki kadhaa unaweza kupata kizunguzungu, hasira za karibu, ndoto kali, na vile vishoti vya umeme kichwani macho yakigeuka upande. Huanza ndani ya siku chache. Kwa hiyo kuacha ni kwa kushuka ngazi, wiki kadhaa hadi miezi, ngazi za mwisho zikiwa ndogo kuliko za mwanzo. Wenye paroksetini au venlafaksini, dawa nyingine za sonona, hupata taabu zaidi. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo hujishusha yenyewe taratibu. Na usiache kwa kuwa umejisikia vizuri: ushauri wa kawaida ni kuendelea angalau miezi 6 baada ya kupona, na zaidi kama sonona imewahi kurudi.

Chumbani nitakuambia wazi, kwa kuwa watoa dawa wengi hulikwepa. Hamu kupungua na kuchelewa au kushindwa kufika kileleni ni madhara ya mara kwa mara ya kundi hili, na tofauti na kichefuchefu hayana tabia ya kuondoka yenyewe. Kwa wachache hubaki hata baada ya kuacha, na mwaka 2019 wakala wa dawa wa Ulaya ulitaka hilo liandikwe kwenye maelezo ya dawa. Sonona nayo hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo andika kwenye daftari ulivyo sasa, kabla ya kidonge cha kwanza. La sivyo baada ya miezi miwili hutajua ni ugonjwa au ni dawa. Ikiwa ni dawa, dozi hupunguzwa au hubadilishwa. Kuruka vidonge mwishoni mwa wiki ni ushauri wa mitaani. Usiufuate, utajitafutia vishoti.

Unene: sertralini haina sifa kubwa ya kunenepesha miezi ya mwanzo, na kwako kilo mbili tatu kurudi ni dalili ya kupona. Pima mara moja kwa mwezi, inatosha. Kugeuka mtu mwingine: dawa haikupi tabia mpya. Kinachoweza kutokea ni ganzi ya hisia, huzuni imepungua na kicheko nacho kimekwenda nayo. Ukiiona, iseme. Mara nyingi ni dozi imezidi.

Ukisahau kidonge na ukakumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho, usimeze viwili. Na hesabu boksi lako: vidonge 28 ni wiki nne kamili, nayo miadi yako ni baada ya wiki nne, tena tangu siku ulipoandikiwa. Miadi ikisogezwa kupita zile siku ulizochelewa kuanza, ukiwa umemeza kidonge kizima tangu mwanzo, umekatika ghafla bila kutaka. Ukianza na nusu kwa siku 7 unapata siku tatu za ziada, hazitoshi kujivunia. Siku ya 21 agiza boksi la pili.

Mshauri